Hatua Ishirini Kuelekea Mtoni

Shule nilikwenda mpaka darasa la tatu. Baba alipougua nikatolewa, nikawekewa mkungu wa ndizi kichwani, nikaanza kushuka na kupanda njia za Nkoaranga kila siku ya soko. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu kila nilichonacho kimetoka kwenye miguu hii. Niliuza ndizi, nikauza mchanga, halafu nikaanza kufyatua tofali za saruji, na leo ukipita Ngaramtoni ukaona yale maduka mapya kando ya barabara, mengi yamesimama kwa tofali zangu. Wenye vyeti wamenisubirisha kwenye mabenchi ya ofisi zao asubuhi, na jioni wamenipigia simu niwapunguzie bei. Kwa hiyo nina kiburi. Najua. Mke wangu ameniambia, mchungaji ameniambia, na wote wawili niliwajibu kwamba hiki kiburi nimekitolea jasho.

Ninaloandika hapa ni la kiwanja, na halina jasho ndani yake.

Nilipotaka kununua mjini, watoto walinitajia Njiro. Mwanangu mkubwa anakaa huko, ndani ya ukuta wenye geti la umeme. "Baba, chukua kiwanja kilichopimwa," akasema. "Kina namba, kina ramani, kina mawe ya mipaka." Nikamuuliza, ramani inalaliwa? Mimi nimekulia penye mfereji. Kwetu mlimani maji yanapita nyuma ya jiko mchana na usiku, na ukiyakosa unaona kama nyumba imekata kauli. Nililala kwa mwanangu siku mbili, nikasikia mbwa na majenereta. Nikasema hapana, nitafute penye mto.

Mto wenyewe unashuka kutoka Meru na kupita katikati ya jiji ndani ya bonde. Watu wengi wanauvuka juu ya daraja bila kuutazama. Chini ya daraja ndiko tunakoishi: nyumba za bati zilizobanana, vichochoro, migomba kando ya maji, matuta ya mchicha, msikiti mdogo wenye mlango wa kijani. Wenyeji wa pale ni Waislamu waliotoka Kondoa, Singida na Tanga, walikuja zamani na cherehani zao na biashara zao ndogondogo. Sisi wa mlimani, Walutheri, tumekuja juzijuzi na hela. Kila mtu bondeni anajua serikali haitaki nyumba karibu na maji, na kila mtu anajenga.

Aliyeniuzia alikuwa mama mjane, Mrangi wa Kondoa, amenizidi miaka kama minane. Marehemu mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyenunua eneo lile wakati bado ni shamba la miwa. Lilianzia kwenye njia ya juu likateremka mpaka mtoni. Nyumba yake ilikuwa katikati. Chini yake, upande wa maji, alikuwa na jiko la nje alilokaangia vitumbua, na choo cha shimo. Juu yake, upande wa njia, palikuwa wazi. Hapo ndipo alipotaka kuuza, aezeke bati upya na kumsomesha binti wa mwisho.

Sasa, kwa asiyejua: kiwanja kisichopimwa kinauzwa kwa hatua. Mnakubaliana hatua ishirini kwa kumi na tano, basi mtu anatembea, wengine wanahesabu, panapoishia panapigwa kigingi. Na desturi ni kwamba mnunuzi analeta mtembeaji wake, muuzaji wake, wanakwenda bega kwa bega ili mmoja asimpunje mwingine. Yule mama hakuwa na mtu. Wanawe wa kiume walikuwa mbali na binti alikuwa shule. Balozi wa nyumba kumi akauliza, "Mama, upande wako nani atatembea?" Yeye akanitazama mimi.

"Si atembee baba mwenyewe," akasema. "Mtu mzima. Ana hofu ya Mungu."

Nikasema, "Usiwe na shaka, mama."

Nikasimama pembeni ya njia, kisigino kwenye jiwe, nikaanza. Miguu yangu ni mirefu, hiyo ni kweli, lakini siku ile sikutembea kwa urefu wa miguu yangu. Niliivuta. Kila hatua niliitupa mbele mpaka nyonga ikalia. Hakuna aliyenifundisha wala kuniambia. Nilikuwa nimekwisha kujiambia, kabla sijaondoka nyumbani, kwamba mwenye nguvu za kutembea ndiye mwenye haki ya kutembea.

Balozi alihesabu kwa sauti. Nilipofika nane, yule mama akacheka. "Baba, unapima kiwanja au unaruka mtaro?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao. "Mama, sisi wa mlimani ndivyo tunavyotembea. Kule ukipiga hatua fupi unabiringika mpaka Tengeru." Wakacheka tena, na hatua zilizobaki nikaziruka ndani ya kile kicheko.

Ya ishirini ilinifikisha nyuma ya nyumba yake, karibu nishike bati. Kigingi kikapigwa. Yule mama aliangalia kigingi, kisha akaangalia ukuta wa nyumba yake. Tukaandikishana, mwenyekiti wa mtaa akapiga mhuri, mashahidi wakanywa soda.

Nilijenga nyumba ya vyumba vinne, choo ndani, marumaru mpaka kwenye korido. Halafu nikazungusha ukuta wa tofali zangu mwenyewe, inchi sita, hakuna mwizi atakayeuangusha. Upande wa chini niliusimamisha palepale penye kigingi, sikuacha hata upana wa kiganja. Kati ya ukuta wangu na nyumba yake pakabaki kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu.

Jumapili moja baada ya ibada, mke wangu akiwa bado kanisani na kina mama wenzake, nilirudi peke yangu. Sijui nini kilinituma. Niliweka kisigino kwenye jiwe la njiani nikatembea kupita upenuni mpaka ukuta wa chini, mwendo wa mtu anayekwenda kununua chumvi. Nikahesabu. Ishirini na nne na kitu. Nikarudi nikapima tena. Ishirini na nne na kitu. Nikaingia ndani, nikavua koti, nikala. Chakula kilipita vizuri kabisa. Hilo nalo linanikera nikilikumbuka, kwamba kilipita vizuri.

Masika mawili yakapita salama. Ya tatu maji yalishuka kutoka mlimani na mawe. Mto haukufurika kama watu wanavyodhani, ulikuwa unakula ukingo kwa chini. Unaona ardhi imetulia, majani yamesimama, kumbe chini hapana kitu. Jiko la yule mama liliondoka asubuhi moja, mafiga na yote. Siku ya pili, saa tisa alasiri, choo kikafuata. Watu walikuwa wamejaa. Mimi nilisimama juu ya kiti nyuma ya ukuta wangu nikaangalia. Nikatuma vibarua wawili na viroba vya mchanga wakajaze ukingo, nikajiona mtu mwema sana.

Baada ya wiki akaja nyumbani. Nilikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja na shida."

"Karibu ukae."

Hakukaa. "Mto umeninyang'anya. Kule chini sina tena pa kuchimba choo. Bibi Afya amepita, amesema kilichobaki ukichimba ni maji matupu. Nisogezee ukuta. Hatua nne tu."

Alisema nne. Hakusema tatu wala tano.

"Mama, karatasi inasema hatua ishirini."

"Ya karatasi naijua. Sikuja kwa karatasi, nimekuja kwako."

"Kila mtu na chake, mama. Mimi nilinunua. Sikupewa."

Akajifunga upya kanga yake. "Kweli," akasema. "Hukupewa." Akaondoka.

Kuanzia hapo nikawa namwona kila alfajiri. Naamka mapema, ni mazoea ya ndizi. Ninapofungua dirisha la sebuleni, yeye anapita mbele ya geti langu la nondo na kopo la maji, kanga kichwani, anakwenda kuomba choo kwa jirani wa nyumba ya tatu. Mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu. Jirani akiwa na mtu ndani, anasubiri nje, kopo mkononi, anaangalia ukuta. Watoto wa shule wanampita wanamwamkia, na yeye inabidi awaitikie hali ameshika lile kopo.

Nikawa naacha kufungua dirisha. Halafu nikaacha kumwamkia. Mtu aliyenizidi umri, tukikutana kichochoroni namezea shikamoo, natazama simu. Yeye ndiye aliyeanza: "Habari za asubuhi, baba." Mama mzima ananisalimia mimi kwanza.

Mke wangu alimwambia aje atumie choo chetu. Alishukuru, akasema amezoea kwa jirani. Usiku huo mke wangu hakula na mimi. Kesho yake, anachambua mchele mlangoni, akasema bila kuinua kichwa:

"Baba watoto, siku ile ulivuta miguu."

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Si nilikuwepo? Nimeshuka na wewe mpaka Tengeru na mikungu kichwani tangu hatujazaa. Mwendo wako siujui?"

Yeye akatupa chuya. "Kachukue isale, uende."

Isale ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba kule mlimani, na ndilo mtu wetu analobeba akikosa. Ukimletea mtu isale, amekwisha. Hata kama mmekatana mapanga, hawezi kukurudisha mlangoni. Na uzuri wake, au niseme uzuri niliouona mimi siku ile, ni kwamba aliyekosa hatakiwi kujieleza sana. Anatangulia mzee mwingine na maneno, wewe unashika jani.

Nilipanda na pikapu mpaka Nkoaranga, nikakata isale kwenye kahawa ya kaka yangu, nikalifunga kwenye gazeti. Mzee wa kutangulia sikumchukua. Kaka yangu aliuliza, "Nani amekukosea au umemkosea nani? Nivae koti twende?" Nikamwambia ni jambo dogo. Ukweli, sikutaka mtu wa ukoo asikie.

Nikamkuta yule mama kwenye kizingiti, anakaanga vitumbua kwenye jiko la mkaa alilolibana kichochoroni, moshi wote unapanda ukuta wangu. Nikafungua gazeti, nikamwekea jani miguuni. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikasubiri.

Akaliangalia. "Hii dawa, baba?"

"Si dawa, mama."

"Maana mbuzi sina."

"Si la mbuzi. Kwetu, mtu akikuletea hili, basi."

"Basi nini?"

"Basi... anakuwa ameshasema."

"Amesema nini?"

Kitumbua kikaanza kuungua, akakigeuza. Mimi natoka jasho. Nimezungumza na mameneja, nimegombana na madereva wa malori, lakini pale nilikuwa kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Baba," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "kwetu mtu akikosa anasema kwa mdomo. Majani tunapikia mboga."

"Nitavunja ukuta, mama. Utapata hatua nne."

"Nimesikia. Na siku ile?"

"Siku ipi?"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Siku ipi. Nimekaa kwenye ndoo yake, isale la kaka yangu liko miguuni pake, na nikamuuliza siku ipi. Alinitazama kidogo, si kwa muda mrefu. Akaokota lile jani, akalisimamisha pembeni ya mlango, taratibu, kama kitu cha mgeni kinachongoja mwenyewe.

"Haya," akasema. "Vunja ukuta."

Choo kipo leo. Kimejengwa kwa tofali zangu, nimeweka mlango wa chuma na bomba la hewa, na ukuta wangu umerudi juu hatua nne na kitu, hicho kitu nacho nilikirudisha. Haendi tena kwa jirani wa tatu. Ningeweza kuishia hapo, na watu wengi wanaonijua wanaishia hapo wanapolisimulia.

Lakini kabla fundi hajachimba, kulikuwa na karatasi. Balozi alisema ardhi isiguswe bila maandishi, kesho watoto wasije kugombana. Fundi naye akakataa kuinua sururu mpaka aone mhuri. Tukakutana ofisi ya mtaa, chumba kimoja chenye meza na bendera. Mwenyekiti, balozi, mashahidi wanne, mimi, yule mama. Mwanangu wa Njiro alikuja na gari, amevaa shati la kazini, akasimama nyuma na simu akipiga picha. Alijivunia baba yake.

Mwenyekiti aliandika mwenyewe, ana mwandiko mzuri. Halafu akasimama akasoma. Sikumbuki yote. Nakumbuka kwamba mimi, kwa hiari yangu na kwa upendo wa ujirani mwema, nimempatia jirani yangu zawadi ya eneo la hatua nne ili apate kujisitiri. Alipomaliza, watu wakapiga makofi. Balozi naye akapiga, yuleyule aliyehesabu.

"Huyu ndiye mzee," mwenyekiti akasema. "Mjini hapa ardhi watu wanatoana roho. Wangapi wangefanya hivi? Na ni Mkristo kwa Mwislamu."

"Mwenyekiti," yule mama akasema, "rudia hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo pa zawadi."

Akarudia. Yule mama akatikisa kichwa. "Mimi sikuomba zawadi. Siku ile nilikuja kuomba changu."

Mwenyekiti akacheka kidogo, cheko la kuweka mambo sawa. "Mama yangu, ni lugha ya maandishi tu. Ukishapata choo, utakaa unasoma karatasi?"

Yule mama aligeuka na kiti chake kizima akaniangalia mimi. "Baba, wewe ndiye mwenyewe. Iandikwe hivyo?"

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Narudisha. Ni neno moja, halihitaji hata darasa la tatu. Lakini nikilitoa, mwenyekiti atauliza unarudisha nini, ulichukua nini, na mwanangu ameshika simu, na balozi atakumbuka kile kicheko, na jioni itafika Ngaramtoni kwa wateja, na Jumapili itapanda mlimani mpaka kanisani, kwamba yule mzee aliyejitengeneza kwa mikono yake alimwibia mjane kwa miguu. Niliwaza yote hayo kwa muda wa kumeza mate. Yeye alikuwa bado ananiangalia. Hakuwa ananitisha. Nafikiri alikuwa ananipa nafasi.

Nikasema, "Mwenyekiti ameandika vizuri."

Kidau cha wino kilikuwa mezani. Yule mama alikiangalia mpaka mwenyekiti akaanza kutazama saa. Angeweza kukataa, na ningesema basi, amekataa mwenyewe, na ukuta ungebaki. Wote chumbani tulijua anaamkia wapi kila alfajiri. Akanyoosha mkono, akagandamiza dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi mahali alipoonyeshwa, chini ya lile neno. Akajifuta kwa pindo la kanga.

"Ahsante kwa zawadi, baba," akasema, kwa sauti ambayo kila shahidi aliisikia.

Makofi yakapigwa tena. Na mimi, mbele ya mwanangu na watu wote, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikasema, "Karibu, mama."